Mwalimu wa Siasa na Rejista Yake

Jina lake silitaji, na si kwa sababu namwogopa mtu. Sababu nitaifikia. Kwa sasa tumwite kama tulivyomwita sisi tuliokaa kwenye madawati mbele yake: Mwalimu. Kijijini kwake, upande wa Bulyanhulu, watu walimwita Mwalimu wa Siasa hata baada ya somo lenyewe kubadilishwa jina na yeye kustaafu. Nilimfahamu tangu nikiwa kidato cha kwanza. Leo na mimi nafundisha Uraia katika sekondari moja hapa Nyahanga, mjini Kahama, na nywele zangu zimeanza kuota mvi.

Ukitaka kumjua, anza na rejista. Walimu wote huita majina asubuhi, lakini Mwalimu hakuweza kuanza jambo lolote bila kuita majina: kikao, safari, hata kazi ya kufyeka nyasi. Msimu wa kupanda pamba ulipofika, wazazi waliwazuia watoto mashambani, na siku moja tulibaki darasani watu watatu. Mwalimu alifungua rejista akaita majina ya darasa zima, na baada ya kila jina alisubiri kidogo, kana kwamba aliyeko shambani angeweza kusikia na kuitika. Sisi watatu tuliitika "Nipo". Wengine wote aliwawekea alama.

Mwenzangu aliinama akaninong'oneza, "Huyu akifika mbinguni ataita jina la Mungu kwanza, aone kama yupo."

Mwalimu alikuwa na masikio mazuri. "Nitamwita," alisema bila kuinua kichwa. "Asipoitika nitaandika hayupo."

Alikuwa na imani kamili juu ya kuandika majina. Alituambia kwamba mtu ambaye jina lake halijaandikwa popote, serikali haimjui, na asiyejulikana hana pa kusimama akidai haki yake. "Kuandikwa jina ni mwanzo wa kuwa mtu mbele ya watawala," alisema. Sisi tuliandika sentensi hiyo kwenye madaftari, kwa sababu tuliandika kila alichosema kwa sauti ya polepole. Nimeifundisha miaka mingi. Siku hizi nikifika hapo nanyamaza kidogo, na wanafunzi hudhani nimesahau.

Alitufundisha mambo mengi yaliyokuwa nje ya mtihani, na lililokuwa moyoni mwake zaidi ni hili: elimu ya siasa ilitoka wapi mpaka ikawa somo. Nitajaribu kueleza kama yeye alivyoeleza, kwa sababu sijapata mtu aliyelieleza vizuri zaidi.

"Taaluma hii," alisema, "ni ng'ombe aliyepita maboma mengi. Mtazameni ubavuni mtaona alama za moto za kila boma."

Boma la kwanza lilikuwa la wanafalsafa wa Uyunani. Hao waliuliza utawala upi ni bora, na wengi wao walitosheka na kukaa na kuwaza. Lakini mmoja wao hakutosheka. Alikusanya habari za katiba za miji mingi, aone watu wanatawaliwa vipi kweli, siyo wanavyopaswa kutawaliwa. Mwalimu alimpenda mno Myunani huyo. "Huyo alikuwa na rejista," alisema. Kisha ng'ombe akaingia katika boma la washauri wa wafalme, waliowaandikia mabwana zao namna ya kukalia kiti bila kuanguka. Huko Afrika ya Kaskazini, kadhi mmoja akaandika kwa nini koo za jangwani huinuka zikiwa na mshikamano, na hufa zikishazoea starehe. Halafu likaja boma la wanasheria, na la wanahistoria. Karne nyingi zilipita hivyo: ng'ombe yupo na maziwa yanakamuliwa, lakini hana zizi lake mwenyewe.

Zizi alilipata juzijuzi tu, alisema Mwalimu, kwa maana ya juzijuzi ya watu wa historia. Ni zaidi kidogo ya karne moja iliyopita, vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani vilipomfungua kamba na kumpa idara yake, maprofesa wake, vyama vyake na majarida yake. Mwanzoni maprofesa hao walisoma katiba na sheria. Kisha zikaja vita kuu, na wakaona nchi zenye katiba nzuri sana zikila watu wake. Wakajiuliza: ikiwa karatasi si utawala, utawala ni nini? Ndipo wakaanza kwenda mlango kwa mlango na maswali yaliyochapwa, wakiwauliza watu wa kawaida wanafikiri nini, na kuhesabu majibu. Taaluma ikajiita sayansi.

"Kwetu alifika baada ya uhuru, na vyuo vipya," alimalizia. "Alifika akiwa mkubwa tayari. Tukafundishwa kumkamua. Hatukuambiwa alizaliwa wapi. Na alama yetu sisi mpaka leo hana."

Mimi nilikuwa mtoto wa wafugaji kutoka Kishapu, na jambo hilo lilinisumbua. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, ng'ombe mwenye alama nyingi hivyo kwetu anaitwa wa wizi."

Darasa lilicheka, na yeye akacheka, jambo la nadra. "Taaluma karibu zote ni za wizi, binti. La muhimu ni kujua umeiba kutoka boma la nani."

Usidhani alikuwa mtu mpole. Alichapa. Alichapa waliochelewa, waliosahau daftari, na waliocheka pasipo pa kucheka. Akimaliza alirudi ubaoni kwa pumzi fupi na kuandika kichwa cha somo: Haki za Binadamu. Asubuhi moja kijana aliyekuwa bado anapuliza viganja aliuliza, kwa adabu zote, "Mwalimu, samahani. Haki hizi zinaanza saa ngapi?"

"Baada ya kengele," alijibu Mwalimu, na akaendelea kuandika. Lakini chaki ilikatika mkononi mwake, na nadhani hakumchapa mtu tena mpaka muhula ulipokwisha. Muhula uliofuata alianza upya.

Kulikuwa na aibu nyingine iliyomkaa ndani kwa muda mrefu zaidi. Alikuwa ameanza kazi wakati wa chama kimoja, somo likiitwa Siasa, na baadaye, vyama vingi viliporudi, alifundisha Uraia kwa chaki ileile. Nikiwa tayari mwalimu alinifungulia tranki lake na kunionyesha karatasi mbili za mtihani. Ya kwanza ilikuwa ya baba mmoja wa kijijini kwake, aliyeulizwa ataje faida za chama kimoja. Ya pili ilikuwa ya mwana wa huyo baba, aliyeulizwa, miaka mingi baadaye, ataje faida za vyama vingi.

"Wote wawili niliwapa kumi kwa kumi," alisema. "Tazama. Hata mpangilio wa hoja ni uleule."

"Si ndivyo mtaala ulivyotaka, Mwalimu?"

"Ndivyo. Niliwafundisha majibu. Taaluma ni maswali." Akazikunja zile karatasi na kuzirudisha chini kabisa ya tranki. Mwana huyo, aliongeza, ndiye mwanafunzi mwenye akili kuliko wote aliowahi kufundisha. Mkumbuke, maana atarudi.

Ilikuwa chuoni Dar, alikokwenda akiwa mtu mzima, kabla ya kutufundisha sisi, ndiko alikogundua kwamba somo lake lina historia. Alirudi amebadilika na, kusema kweli, amekuwa mchoshi. Msibani, watu wakisubiri ugali, Mwalimu angegeukia wazee na kuwaeleza kwamba swali la "nani anaamua" liliulizwa kwenye mabaraza ya Wasukuma kabla ya idara yoyote kujengwa. Wazee walimsikiliza kama watu wanaosikiliza mvua. Aliwakumbusha kwamba wezi wa ng'ombe walipozidi, ni wao wenyewe, kwa upinde na filimbi, walioanzisha sungusungu, na serikali ikaja kuitambua baadaye. "Hiyo ni sayansi ya siasa," aliwaambia. Mzee mmoja alimjibu, "Mwalimu, sisi tulidhani ni ng'ombe zetu tu."

Ndipo alipoanza kuandika kitabu, kwa Kiswahili, katika madaftari ya kawaida ya mistari: elimu ya siasa ilikotoka, na ilivyotufikia. Kila sura ilikuwa boma moja. Sura ya mwisho ilikuwa ya kuweka alama yetu, na hiyo ilimshinda miaka na miaka, kwa sababu alikataa kuiandika kwa kukisia.

Kisha dhahabu ikaonekana katika mbuga ya kijiji chake.

Kwa asiyejua, watu wa huku huita jambo hilo rashi. Dhahabu ikionekana mahali, habari hukimbia kwa bodaboda na simu, na kabla ya wiki kwisha nyika iliyokuwa ya malisho imejaa maturubai, mama lishe, mashine za kusaga mawe na mashimo yanayoitwa maduara. Watu hawajuani. Hakuna mwenye kiti, hakuna sheria. Ila mpaka kufikia siku ya kumi kuna mwenyekiti, katibu, walinzi, ushuru, na kesi zinazosikilizwa chini ya turubai.

Mwalimu alinipigia simu. Sijawahi kumsikia na furaha kama ile. "Binti, wanafalsafa walikaa vitini wakikisia jinsi watu walivyoanzisha serikali ya kwanza. Mimi naiona inazaliwa. Nusu saa tu kutoka mlangoni kwangu."

Alitunga maswali saba. Nani anaamua hapa? Alipataje kuamua? Anayekuonea unamshtaki wapi? Na mengine ya namna hiyo. Mimi ndiye niliyeyachapa na kuyatolea nakala hapa Kahama. Juu kabisa ya karatasi aliniagiza niweke maneno haya kwa herufi kubwa: MAJINA HAYAANDIKWI. Nilifurahi kuyaona. Nilimuuliza jambo moja tu: "Sasa utajuaje nani umeshamuuliza na nani bado?"

"Nitajua," alisema. Sikuendelea kuuliza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuendelea.

Miezi miwili alitembea katika rashi ile na mwavuli wake, akikaa na wachimbaji kwenye kivuli cha maturubai. Wengi walikuwa wanafunzi wake wa zamani, na walimwamini. Mmoja alikuwa mwana wa jirani yake, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mtoto pekee wa mama mjane ambaye boma lake lilitazamana na la Mwalimu, njia tu katikati. Mama huyo hakusoma. Mwalimu alimsomea ujumbe wa simu wa mwanawe, na yeye alimletea matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, kwenye bakuli lililofunikwa kwa kawa. Ndivyo walivyoishi miaka yote.

Majibu aliyaandika kwenye zile karatasi, na kila karatasi aliipa namba badala ya jina. Hapo alitimiza ahadi. Lakini kwenye daftari lake la muhtasari, kurasa za nyuma, alichora mistari kwa rula: namba, jina, tarehe, na alama ya vema. Aliifungua rejista. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na hakikuwepo cha kumfaa ndani yake isipokuwa asirudie mtu. Mkono wake ulikuwa umezoea.

Mwenyekiti wa rashi alikuwa yule mwana wa kumi kwa kumi. Alimwamkia Mwalimu mbele ya watu, amevua kofia. "Shikamoo Mwalimu. Nasikia unaandika juu yetu. Niazime nisome. Sisi tunaokaa mbele hatujui hata watu wanatuonaje."

"Marahaba, baba. Vizuri kiongozi akitaka kujua," alisema Mwalimu, na akampa lile daftari la muhtasari.

Aliponisimulia, kila mara alirudi hapo. "Nilifurahi," alisema. "Mwanafunzi ameomba daftari. Ni mwalimu gani angekataa?"

Katika muhtasari ule wa majibu watu walikuwa wamesema wazi kwamba mwenyekiti na walinzi wake waliuza eneo moja kwa watu wawili, na kwamba aliyelalamika alipigwa. Kila jibu lilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na jina kurasa za nyuma. Kesho yake asubuhi walinzi waliwakusanya wachimbaji, na mwenyekiti akafungua daftari.

"Aliita kama nilivyomfundisha," Mwalimu aliniambia. "Jina. Akanyamaza. Akasubiri."

"Na wao?"

"Waliitika nipo."

"Kwa nini, Mwalimu? Si wangekaa kimya?"

"Niliwafundisha wengi wao, binti."

Walipigwa, wakanyang'anywa zana, wakafukuzwa. Mwana wa jirani hakutaka kurudi kwa mama yake mikono mitupu. Alikwenda na wenzake wawili kwenye duara la zamani lililoachwa, umbali wa kilima kimoja, akashuka yeye. Halikuwa na matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta. Mvua ilikuwa imenyesha. Walimtoa siku ya tatu.

Baraza la kijiji lilikaa. Mwenyekiti wa rashi hakuitwa, kwa sababu alikuwa na walinzi wenye silaha, na baada ya muda dhahabu ilipopungua alihamia kwingine na watu wake. Wazee waliamua kumwita yule waliyeweza kumwita. Mimi nilikuwepo, nimesimama nyuma kama mgeni. Mwalimu alivua kofia.

"Uliwaambia majina hayaandikwi?" aliuliza mzee wa baraza.

"Niliwaambia."

"Uliandika?"

"Niliandika."

"Kwa nini?"

Mtu huyu aliyeweza kueleza karne ishirini na zaidi bila kutazama karatasi alikuwa na neno moja tu. "Mazoea," alisema.

Alitengwa. Wengi wa huku mnajua maana yake, lakini nieleze kwa asiyejua. Aliyetengwa hasalimiwi. Hapewi moto, chumvi wala maji, dukani hauziwi, na mwenye kuvunja agizo hilo hutozwa mbuzi au zaidi. Akifa, majirani hawachimbi kaburi. Adhabu hii huwa na mlango wa kutokea, na wa Mwalimu ulikuwa mmoja: mama wa marehemu aseme mbele ya baraza kwamba basi, imetosha. Hakuna mwingine aliyeweza kulisema neno hilo.

Nilimsihi aje akae kwangu Nyahanga. Alikataa. Nilimwambia kuna sheria za nchi, kuna wilaya, kuna mahakama, na kwamba aliyeua ni mwingine. Alinisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza mwanafunzi aliyejitahidi.

"Baraza limemkosa mtu mmoja," alisema. "Kosa lenyewe halikulikosa. Miaka yote nimewaambia kwamba baraza hili ni shule ya siasa kongwe kuliko idara yoyote. Sasa limenihukumu, niseme si shule?"

Miaka miwili nilikuwa nikimpelekea vitu kila baada ya Jumamosi mbili: chumvi, kiberiti, sabuni, unga, dawa ya kifua. Mimi si wa kijiji kile, kwa hiyo agizo halikunihusu, ingawa watoto walionyamaza nikipita walinifanya nijione kama linanihusu. Maji aliyachota bwawani, mbali, saa za jua kali ambapo hakuna mwingine. Na kila asubuhi, hili nililiona kwa macho yangu, alisimama mlangoni na kusema kuelekea ng'ambo ya njia, "Mwangaluka, mama." Ndiyo salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Mama yule angekuwa anafagia. Fagio halikusita. Mwalimu alisubiri, kiasi kilekile alichokuwa akisubiri baada ya jina la mtoto aliyeko shambani, kisha akaingia ndani.

"Bado," aliniambia. Hakutaka kitu kingine chochote duniani. Hakuzungumzia kaburi wala chumvi. Alitaka mama yule aongee naye, hata kama ni kumtukana.

Kitabu alikiacha. Nilimuuliza kuhusu sura ya mwisho, nikidhani kazi ingemtia moyo. "Taaluma yetu ilikwenda mbali mpaka ikajifunza kuuliza watu," alisema. "Ilijisifu sana siku hiyo. Lakini haikukaa ikafikiri aliyejibu anabaki na nini, anayeuliza akishaondoka. Na mimi nilijua historia yake yote, na sikufikiri."

Nilianza kumwambia kwamba amefikiri sasa. Akaniashiria kwa mkono ninyamaze.

Mara ya mwisho kumwona akizungumza ilikuwa Jumamosi mchana, masika ya mwaka jana. Miguu yake ilikuwa imevimba na pumzi ilikuwa fupi. Nilikuwa namchemshia uji alipotokea mtu mlangoni, akaziba mwanga. Alikuwa mama wa ng'ambo ya njia. Hakubisha hodi. Aliingia akasimama katikati ya chumba, mikono chini ya khanga.

Mwalimu alijaribu kuinuka akashindwa. "Mama," alisema, "umeingia humu. Watakutoza."

"Watanitoza nini? Nina mbuzi mmoja, na huyo naye anakohoa kama wewe."

Nilimsogezea kigoda. Hakukitazama.

"Ulimuuliza mwanangu maswali," alisema. "Watu wote wanasema alikufa kwa sababu ya majibu yake. Miaka miwili wananiambia majibu, majibu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia alijibu nini."

Mwalimu aliniashiria tranki. Mwenyekiti wa rashi alikuwa ameondoka na daftari la muhtasari tu. Karatasi zenyewe za majibu hazikuwa na kazi kwake. Zilikuwa pale, zimefungwa kwa utepe wa mpira. "Namba kumi na tisa," alisema. Hakuhitaji rejista. Orodha ile aliijua kama watu wanavyojua sala. Nilimpa, akavaa miwani yake yenye mguu mmoja.

"Nilimuuliza nani anaamua hapa. Akasema, mwenye bunduki, halafu mwenye pampu ya maji."

Mama alisogea hatua moja.

"Nilimuuliza, anayekuonea unamshtaki wapi. Akasema, kwa mama yangu."

Nikatazama uji. Nilisikia Mwalimu akigeuza karatasi.

"Swali la mwisho. Nilimuuliza, kama wewe ndiye ungekuwa unaamua hapa, jambo la kwanza ungefanya nini. Akasema, ningekataza mtu kushuka kwenye duara lisilo na matimba." Akapumua. "Na choo. Hapa hakuna choo."

"Alisema choo?"

"Alisema choo."

Kitu kilipita usoni mwa mama yule ambacho, mahali pengine, kingekuwa kicheko. "Soma tena," alisema.

Alisoma tena. Akaambiwa asome mara ya tatu, akasoma, na sauti ilikuwa imekwisha kiasi kwamba neno matimba lilitoka kama pumzi tu. Mama akanyoosha mkono. Alipokea karatasi, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga kwa fundo dogo la kukaza. Akageuka.

"Mama," Mwalimu alisema. "Lile neno."

Alisimama mlangoni akitutazama juu ya bega lake. "Sikuja kwa ajili hiyo," alisema, bila hasira. Tukamsikia akivuka njia, na mlango wake ukafungwa.

Nilidhani Mwalimu angelia. Badala yake aliomba daftari la sura ya mwisho na kalamu. Nilimwinua nikamwekea mto mgongoni. Aliandika tarehe, kwa mwandiko wake uleule wa ubaoni. Chini yake akaandika: Leo amekuja mtu kuchukua jibu. Kisha akachukua rula, akachora mstari wa kuandikia jina, kama alivyozoea. Akaishusha kalamu mpaka ikagusa karatasi. Ilikaa pale kwa muda, na doa la wino likaanza kukua.

Aliiinua kalamu, akaifunga kwa kifuniko chake, akanipa.

Alifariki kabla ya Jumamosi yangu iliyofuata. Tulimzika walimu sita kutoka Kahama, na majembe tulikuja nayo sisi wenyewe. Kijiji hakikuja. Mama yule alisimama uani kwake, ng'ambo ya njia, tangu tulipoanza kuchimba mpaka tulipomaliza kufukia, na hakuvuka. Ni desturi yetu walimu, mwenzetu akizikwa, mmoja wetu kuita jina lake mara ya mwisho, na wengine kuitika kwa niaba yake. Wenzangu waliniangalia mimi. Sikuita. Nilikuwa nimemwona akiinua ile kalamu, na ndiyo sababu hapa pia jina lake silitaji.

Daftari ninalo hapa mezani. Mstari wa jina aliuacha wazi, na mimi nimeuacha hivyo.